Malaika ya Bata, Pamba ya Kiwandani na Mkasi Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa macho. Hajji, mwenye karakana pale Kakoba, mjini Mbarara, aliniweka kwenye kigoda, na Fundi Mkuu, Mzee Nuru, akanifunga usoni kitambaa cha meza kilichonuka binzari. Kisha wakaniletea magunia mawili. "Ingiza mkono," akasema Mzee Nuru. "Huu hapa, na huu pale. Uniambie."

Gunia la kulia lilinichoma. La kushoto sikuligusa, maana hapakuwa na kitu cha kugusa. Nilidhani limejaa moshi wa uvuguvugu. Nikasema, "La kulia ni manyoya. La kushoto halina kitu, lakini kuna joto."

Hajji akacheka. "Huyu tunachukua," akasema. "Amesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu," nikajibu mwenyewe, bado nimefungwa macho.

"Inatosha. Kazi hii inasomwa na vidole."

Nawaandikia nyinyi mnaonunua mifuko ya kulalia na makoti ya baridi dukani, mnasoma kikaratasi kilichoshonwa ndani na kudhani mmejua. Mimi nilijua kabla ya kikaratasi. Mara tatu mwanangu amenisahihisha herufi katika maandishi haya, nami nimemwambia aache maneno yangu yalivyo.

Gunia la kushoto lilikuwa la malaika. Ndege ana manyoya ya juu yenye mfupa katikati, hayo ndiyo yanayochoma, na chini yake, kifuani, ana vinyweleo visivyo na mfupa, vyepesi hata ukihema vinaruka. Hivyo ndivyo vinavyoitwa malaika. Laika moja ni kama nyota yenye miguu mingi, na kila mguu unashika hewa. Joto la mfuko wa kulalia halitoki kwenye kitambaa wala kwenye manyoya, linatoka kwenye hewa iliyokamatwa ikakosa njia. Mzee Nuru aliita hali hiyo kuumuka. Unaukunjua mfuko, unautikisa, unasubiri, nao unaumuka kama unga wa maandazi. Usioumuka hauna joto, hata ukiwa mzito kama gunia la muhogo.

Malaika yetu tuliyapata kwa Waislamu wa mjini waliofuga bata. Wahima, wafugaji wa ng'ombe wa Kakiika, nilikozaliwa, wakati ule hawakula kuku wala bata wala yai, na mtu aliyeonekana na unyoya kwenye shati alichekwa. Kwa hiyo mimi nilichekwa kila jioni nikirudi nyumbani, miaka miwili mfululizo. Mama yangu alinikagua mlangoni kama askari wa kizuizini. Lakini katika miaka hiyo miwili nilijifunza kuchambua malaika upesi kuliko yeyote pale karakana, na sikuwa na haya kusema hivyo. Sina haya hata leo.

Katika karakana ya Hajji kulikuwa na desturi moja iliyotawala nyingine zote. Wote tulishona, lakini aliyekata alikuwa mmoja. Mkasi mkubwa wa chuma, wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko, ulining'inia nyuma ya kiti cha Mzee Nuru. Hata Hajji hakuugusa. Aliyeshika mkasi ndiye aliyeamua umbo la kila kitu kilichotoka mle ndani: hema, turubai, shanta za mgongoni, mifuko ya kulalia. Sisi wengine tulifuata mstari wake. Niliutazama mkasi ule kama kijana mwingine anavyomtazama binti wa jirani.

Mwaka wa tatu Hajji alinituma kambini kwa jeshi kukarabati mahema. Mkubwa wangu kule alikuwa Afande wa stoo, mtu mfupi aliyepima kila kitu kwa mgongo wake. Alinitolea mfuko wa kulalia wa zamani, akauweka begani, akapiga hatua kumi, akautupa chini.

"Fundi, hii ni ya kulala ama ya kujenga nyumba?"

"Ni ya kulala, Afande."

"Basi inaua askari yangu kabla ya adui. Mutu anatembea siku mzima, anafika amechoka, kulala hapana. Wewe kata uzito. Kata, kata, kata!"

Niliifungua mifuko iliyokuwa stoo nikakuta mtu ameijaza manyoya ya kuku, mifupa na yote, na amepitisha mshono kutoka juu mpaka chini. Kosa hilo hata vijana wa leo wanalifanya. Ukishona kupenya, mahali pa mshono hapana unene, na baridi inaingia kwenye mstari huo kama maji kwenye nyufa za mtumbwi. Dawa yake ni vyumba. Unaweka kuta nyembamba za kitambaa baina ya ngozi ya nje na ngozi ya ndani, kila chumba kinashika malaika yake, na hakuna sindano inayotoka upande huu mpaka ule. Nilifanya hivyo. Nilikata zipu ndefu nikaweka fupi, nikang'oa vifungo vya chuma nikaweka kamba. Afande aliubeba mfuko wa kwanza akatembea nao uwanja mzima. Aliporudi aliniletea mwenyewe chai yenye maziwa. Nilirudi Kakoba nikijua kwamba baada ya Mzee Nuru ni mimi.

Halafu Hajji akanipeleka Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi kando ya ziwa.

Alikuwa amefungua kibanda cha vyerehani viwili pale Kashojwa, maana wakimbizi walihitaji kushonewa turubai, na wafanyakazi wa chanjo waliozunguka vijiji vya ziwani kwa miguu walihitaji shanta. Nilikwenda kama msimamizi. Wiki ya pili akaja mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, akasimama mbele ya cherehani kilichokuwa wazi.

"Fundi, niko naomba kazi."

Jina lake lilikuwa Mama Deo. Alizaliwa Rwanda, akakulia Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Nilimwuliza kama anajua vyumba. Alikaa, akachukua vipande vya nailoni nilivyovitupa, na kabla adhana ya alasiri haijaadhiniwa alikuwa ameshona mfuko mdogo wa kubebea mtoto, wenye vyumba sita, mshono ulionyooka kama ukingo wa karatasi. Mimi nilihitaji siku mbili kwa kitu kama kile.

Nitasema wazi, maana mzee akificha kitu hawezi tena kusema chochote: niliona wivu. Haukuwa wivu wa mwanamume kwa mwanamke, nilikuwa na mke wangu na nilimpenda. Ulikuwa wivu wa vidole. Nilimtazama akishona nikahisi vidole vyangu mwenyewe vimekuwa vya mtu mwingine. Wateja wakaanza kuingia kibandani wakinipita. "Mama Deo yupo?" Hiyo ndiyo salamu niliyopata, mimi msimamizi. Mtu mmoja aliniachia hata baiskeli yake nimshikie ili aingie kuongea naye.

Tena alijua kusoma. Kifaransa alikisoma kwa sauti, na Kiingereza alikipapasa mpaka kikampa maana.

Hilo ndilo lililoniumiza zaidi siku mpanda milima mmoja alipopita Mbarara akielekea Ruwenzori. Alitengenezewa shanta na Hajji, na kama shukrani akaacha kijitabu cha picha cha duka la kwao, nacho Hajji akatuletea Kashojwa. Vitu vya ndani, Hajji alituambia, vilikuwa bado havijafika madukani. Ni vya mwaka unaokuja. Kulikuwa na shanta isiyo na fremu wala vyuma, hema la mtu mmoja linaloingia mfukoni mwa koti, na mifuko ya kulalia iliyokunjwa ikawa kama mkate wa robo. Mimi niliangalia picha. Mama Deo alisoma.

"Banasema kuko namna mbili," akasema, kidole juu ya herufi. "Ya malaika ya bata, na ya pamba ya kiwanda. Hii ya pamba, uzi wake uko na tundu mu kati, sawa vile mutete. Hewa inaingiaka mule."

"Pamba ni pamba," nikasema. "Inalala. Malaika yanaumuka miaka ishirini."

"Njo vile, Fundi. Lakini malaika inaogopaka maji."

"Nani atalala majini? Kiboko?"

Hajji alicheka, na mimi nikafurahi kwamba alicheka kwa neno langu. Mama Deo naye alicheka. Hiyo nayo iliniudhi.

Mwaka ule macho ya Mzee Nuru yalikuwa yamekwisha. Alikata kwa kupapasa. Hapo ndipo Daktari wa chanjo alipokuja na oda yake. Alikuwa mtu mkubwa kazini lakini mwembamba wa mwili, mwenye magoti mabovu, aliyezunguka na watu wake wiki nzima pembeni mwa ziwa wakiwa wamebeba sanduku la barafu la dawa. Alitaka mifuko kumi ya kulalia. "Barafu yangu ni nzito, siwezi kuipunguza," alisema. "Nipunguzieni kulala."

Hajji akatuita mimi na Mama Deo mbele ya Mzee Nuru.

"Nyinyi wawili," akasema. "Kila mtu atengeneze moja. Sule, wewe ya bata. Mama, wewe ya kiwanda. Daktari atakwenda nazo safari moja, atachagua. Na ile atachagua, mwenyewe anachukua mkasi. Mzee amekubali."

Mzee Nuru aliitikia kwa kichwa, mkono ukiwa juu ya mkasi.

Kwa siku tisa sikula vizuri. Kitambaa cha nje nilikipata kambini, kwa Afande wa stoo, kipande cha parachuti kilichochanika. Mimi na Mama Deo tulikigawa sawa, Hajji alisimamia. Malaika nilichambua mwenyewe, laika kwa laika, nikakataa hata yenye mfupa mdogo kama kope. Nikajenga vyumba kumi na moja, vya miguuni vikiwa vinene kuliko vya kifuani, maana miguu ndiyo hupoa kwanza. Sehemu ya mgongo niliiacha nyembamba. Kwa nini? Kwa sababu malaika ukiyalalia yanabanwa, na yaliyobanwa hayana hewa. Ni uzito unaobebwa bure. Jambo hili sikulisoma popote. Nililijua kwa kulala.

Mama Deo alinunua makoti ya mitumba yaliyochanika, akatoa pamba ya kiwandani ndani yake, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa kama ukungu, kisha akaipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja ikifunika nusu ya mwenzake, kama vigae vya paa. Vyumba saba tu.

"Unamshonea mtoto blanketi?" nilimwuliza.

"Ndiyo. Mutoto mwenyewe ni Daktari," akajibu bila kuinua kichwa.

Tukapima kwenye mizani ya muuza nyama. Wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake kwa karibu theluthi. Nilizunguka na habari hiyo Kashojwa nzima. Nilimwambia hata muuza nyama mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama pale pale tukipima.

Tukaenda safari na Daktari, sisi wawili, ili aliye na kosa alione kwa macho yake. Daktari alilala katika mfuko wangu siku moja na wa Mama Deo siku nyingine. Siku ya kwanza, wangu, aliamka akijinyoosha: "Fundi, nilidhani nimelala ndani ya mkate uliotoka tanuruni." Siku ya pili alisema wa Mama Deo ni mzuri, ila mgongo wake umeona tofauti. Nilitembea mbele siku hiyo, nikipiga mluzi.

Siku ya tatu mvua ilitupata kwenye mafunjo. Si mvua ya kujikinga chini ya mti, ni ile inayotoka ziwani ikija imelala. Shanta zikalowa, mifuko ikalowa yote miwili. Tulipofika kijijini Daktari aliufungua wangu. Malaika yalikuwa yamejikusanya kila chumba pembeni, donge moja moja, kama kuku aliyeanguka kisimani. Katikati palikuwa na kitambaa juu ya kitambaa. Kisha Mama Deo akaushika wake, akaukamua kama nguo ya kupigia deki, akautikisa mara mbili. Ukaumuka. Si kama mwanzo, lakini ukaumuka. Daktari akalala humo na maji yake, akaamka amepata joto.

"Mama," akasema asubuhi, "wewe umenipa kitu."

Hakunitazama. Mluzi nilikuwa nimekwisha kuuacha njiani.

Tulirudi Kashojwa, mifuko yote miwili imejaa tope. Daktari alitaka kulinganisha mara ya mwisho ikiwa safi na mikavu, kisha angetoa neno Jumatatu. Mama Deo aliifua kwa upole, tukaianika nje kwenye kamba siku tatu. Jumapili akaenda misani. Nikabaki mimi na mifuko.

Sasa, msomaji asiyetoka kwetu lazima ajue jambo moja. Kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje. Ukivaa nguo hiyo, funza anaingia ngozini na kukua humo mpaka atoke kama jipu. Kwa hiyo hakuna nguo, shuka wala nepi ya mtoto inayoanuliwa ikavaliwa kabla ya kupigwa pasi. Ni desturi iliyo juu ya nyingine zote, na Daktari mwenyewe aliihubiri kila kijiji. Nikawasha mkaa, nikajaza pasi ile yenye jogoo kwenye kifuniko, nikaweka kitambaa kibichi juu ya nailoni isiungue.

Nilianza na wangu. Malaika yakalala chini ya joto, nikayatikisa, yakaamka. Nikachukua wa Mama Deo. Nikapitisha pasi chumba cha kwanza, cha kifuani. Kikalala. Nikatikisa. Hakikuamka. Nikatikisa tena, nikakipuliza, nikakipiga kwa kiganja. Zile nyuzi zenye tundu kama mitete zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, chumba kimekuwa bapa kama chapati.

Hapo nilikuwa nimekosea tu. Mtu yeyote wa Mbarara au Nakivale angekosea vile vile, hapakuwa na aliyejua pamba ya kiwandani haitaki pasi. Ningeiweka pasi chini, ningemsubiri Mama Deo atoke misani, ningemwambia: nimeharibu chumba kimoja, fungua ujaze upya. Kazi ya saa mbili.

Nilisimama pale na pasi mkononi. Kupitia mlangoni niliona kiti chake, na wateja wawili wamekaa chini wakimsubiri, siku ya Jumapili, wakati mimi nipo. Mmoja akaniuliza, "Fundi, Mama Deo atarudi saa ngapi?"

Nikapiga pasi chumba cha pili. Nikapiga cha tatu. Nikashuka mpaka miguuni.

Jumatatu, karakanani Kakoba, Daktari aliukunjua mfuko wa Mama Deo na kuubonyeza kwa kidole. "Huu umefia wapi? Juzijuzi ulinipa joto kwenye maji."

Mama Deo alikuwa amesimama hapo, mtoto mgongoni. Mimi nikawahi. "Pamba ya kiwandani ndivyo ilivyo, Daktari. Ukiifua mara moja, imekwisha."

"Kumbe." Akauweka chini. "Basi kitu kinachokufa kwa kufuliwa mara moja sikitaki. Hajji, nishonee kumi za bata."

Hajji akautoa mkasi nyuma ya kiti cha Mzee Nuru, akaniwekea mikononi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri miaka yote ile. Watu walipiga makofi, na Mama Deo alipiga pia.

Jioni, tuliporudi Kashojwa, nikiwa nafunga kibanda, alikuja na mfuko wake. Aliutandaza mezani, akapitisha kiganja juu yake polepole, chumba baada ya chumba. Kwenye kila kimoja kulikuwa na alama ndogo, ncha ya pasi.

"Fundi," akasema, "pasi inaweza kukosea mara moja. Hii imepita mara saba."

Nikageuka nikaendelea kufunga kibanda.

"Hajji sitamwambia. Nani atasikia mukimbizi juu ya fundi wake? Ile kitu utaibeba weye mwenyewe. Si unapendaka kitu nyepesi? Tutaona."

Kesho yake hakuja kazini. Aliweka meza yake chini ya kipande cha turubai, hatua sitini kutoka kwangu. Nilizihesabu.

Tulinyonyoa bata wa Mbarara yote kwa oda ile. Nilihamia Kakoba, nikakata mifuko kumi kwa mkasi wangu, na kila mmoja ulikuwa mwepesi, mzuri, wenye vyumba kumi na moja. Mvua zilipoanza Daktari alirudi. Aliingia karakana ya Kakoba akiwa amelowa mpaka soksi, akakamulia mfuko mmoja juu ya meza yangu ya kukatia.

"Fundi Mkuu, hii ni nini?"

"Ni mfuko, Daktari."

"Hii ni supu. Mtu wangu mmoja amelala siku nne na kifua, amelala katika supu hii." Akamgeukia Hajji. "Yule mama wa Kashojwa yuko wapi? Nimemkuta mlinzi wa kituo analala katika mfuko wake tangu mwezi uliopita. Umefuliwa mara tatu na bado unaumuka."

Hajji akanitazama. "Sule, wewe si ulisema inakufa?"

"Labda amebadilisha pamba," nikasema. Hilo nalo nililisema.

Ukweli ni kwamba hakuwa amebadilisha pamba, alibadilisha uanikaji. Aliwafundisha wateja wake kuianika ndani ya nyumba, juu ya mafiga yaliyopoa, mahali nzi yule haingii, ili isihitaji pasi kabisa. Jambo dogo hivyo. Mimi niliyekuwa na mkasi sikuliwaza, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuficha.

Hajji alinituma mimi mwenyewe nikamwombe. Nilimkuta mezani kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni.

"Nitashona kumi," akasema. "Ila kukata, hapana. Hajji alisemaka nini? Mwenye mukasi njo anakata. Weye utakuja hapa, utakata, miye nitashona."

Nikaenda. Siku nne nilikaa kwenye kigoda Kashojwa, Fundi Mkuu wa Hajji, nikikata kwa mstari aliouchora yeye kwa chaki. Vyumba saba. Watu walipita wakisalimu, "Mama Deo, umepata msaidizi?"

"Ndiyo," alijibu. "Anajifunza bila fujo."

Toka hapo jina langu likaisha na lake likaanza. Nilishika mkasi ule miaka mingi, nikawafundisha mafundi, nikahudumia jeshi, wafanyabiashara na wazungu wa milimani. Lakini mtu akiingia karakana hasemi "nataka mfuko wa Sule." Anasema, "Mna Mama Deo?" Hivyo ndivyo ulivyoitwa mfuko wa pamba ya kiwandani, Kakoba mpaka kambini. Afande wa stoo wa pili, ambaye hakumwona mwanamke yule hata siku moja, aliandika oda ya Mama Deo thelathini. Nilizikata zote. Kila nilipokata nilihisi pasi mkononi.

Mkiniuliza leo mchague nini, nitawajibu kama fundi. Ukienda mahali pakavu, penye baridi kali, na mgongo wako unalalamika, chukua malaika. Hakuna mashine iliyokwisha kuyashinda kwa wepesi, na ukiyatunza yatakuzika. Ukienda kwenye mvua, mafunjo na tope, mahali ambapo hujui utakaukia wapi, chukua ya kiwandani, uvumilie uzito. Usiipige pasi. Najua ninachosema.

Watu wa kwao walipoanza kurudi Rwanda, miaka kadhaa baadaye, nilisikia Mama Deo naye anafunga mizigo. Hajji alikuwa amekwisha kufa bila kujua, na Mzee Nuru pia. Nikaufunga mkasi kwa kitambaa, nikaenda Kashojwa. Nilimkuta nje ya nyumba, shanta yake ndogo iko tayari, na mfuko wa kulalia umekunjwa juu yake, si mkubwa kuliko mkate wa robo. Ulikuwa wa pamba ya kiwandani. Sijui aliufikishaje kwenye udogo ule, na nilikuwa na haya kuuliza.

"Huu ulikuwa wako," nikamwambia, nikimpa mkasi.

Alifungua kitambaa. Akauweka mkasi juu ya kiganja, akaupima juu chini, kama alivyopima kila kitu.

"Iko nzito," akasema.

"Ni chuma kizuri."

"Fundi, lori itatuacha ku mpaka. Toka pale ni miguu." Akaufunga tena kwa kitambaa, fundo zuri kuliko langu, akanirudishia. "Sibebake muzigo ya mutu mwengine."

Akacheka, si kwa ubaya, akainua shanta yake kwa kidole kimoja.

Nilirudi nao Kakoba. Sasa nimestaafu, na mkasi uko hapa Kakiika, ukutani, juu ya kitanda changu. Wageni huniuliza kwa nini siuuzi. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi inaposhuka vilimani, mke wangu hunifunika Mama Deo aliyoinunua sokoni bila kuniuliza. Naangalia mshono wake. Ni mbovu, ni wa kuigiza, na bado una joto.